Gogo, makala na uyoga: historia ndefu ya swali la mama mmoja wa Masisi

Wasikilizaji na wasomaji wetu, habari hii ilianza kwa simu moja. Tulikuwa katika kipindi cha asubuhi, tunazungumza juu ya bei ya chakula sokoni, ndipo mama mmoja akapiga. Ni mama wa Masisi. Alikaa kambini pembezoni mwa Goma, na tangu kambi zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025 anaishi kwa familia iliyompokea. Akasema hivi: "Mwanangu, kwetu mvua ikishaanza tulikuwa tunachuma uyoga kwenye magogo yaliyooza. Hakuna mtu aliyeupanda, Mungu ndiye alikuwa anaupanda. Sasa watoto wananionyesha kwenye simu Wachina wanapanda uyoga ndani ya magogo kama vile sisi tunapanda maharagwe. Ni kweli, ama ni mambo ya simu tu?"

Nilimjibu, "Mama, nipe muda, nitakutafutia." Jibu fupi ni kwamba ni kweli, na ni kazi ya zamani kuliko Kongo kuitwa Kongo. Lakini jibu refu lina mambo yanayotugusa sisi hapa: miti, makala ya kupikia, deni, na watu waliolazimika kuacha misitu yao. Ndiyo maana ninaliandika, maana dakika tatu za redio hazikutosha.

Tuanze mbali. Katika karne ya 7, wakati Uchina ilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Tang, kulikuwa na kitabu cha dawa kilichoeleza jinsi ya kupata uyoga wa sikio. Unamwaga uji kwenye gogo, unalifunika kwa majani makavu, unangoja. Uyoga wa sikio mnaujua, ni ule laini, wa rangi ya kahawia, unaofanana na sikio la mtoto na unaota kwenye miti iliyokufa hata katika misitu yetu. Watu wengi wanaufikiria kuwa ndio uyoga wa kwanza ambao binadamu aliuotesha kwa kusudi. Gogo na uji, basi. Hakuna mashine.

Uyoga uliofanya magogo yajulikane dunia nzima ni mwingine. Wachina wanauita xianggu, maana yake uyoga wenye harufu nzuri. Wajapani wanauita shiitake: "shii" ni jina la mti mmoja unaoota huko, na "take" ni uyoga. Una kofia ya kahawia na nyama ngumu kidogo, na ukikaushwa harufu yake inazidi. Hilo la kukauka lilikuwa na maana kubwa katika biashara ya zamani, kwa sababu mtu wa mlimani anayeishi mbali na soko anaweza kubeba mzigo mwepesi wa bei nzuri bila hofu ya kuuharibu njiani. Wenzetu wa vijijini wanaopoteza nyanya kwa sababu barabara imekatika watanielewa.

Katika jimbo la Zhejiang, mashariki mwa Uchina, kuna milima ya Qingyuan, Longquan na Jingning. Wenyeji wanasimulia kwamba mtu aitwaye Wu Sangong, aliyezaliwa karibu mwaka 1130, ndiye aliyegundua kazi hii. Aliona kwamba mahali alipokata gogo kwa shoka, uyoga ulitoka mwingi kuliko pengine. Akaanza kukata magogo kwa makusudi. Inasimuliwa pia kwamba mwaka mmoja hakupata kitu, akakasirika, akayapiga magogo kwa fimbo kama mtu anayepiga punda. Baada ya siku chache uyoga ukatoka kila mahali. Ni hadithi ya wazee, na hadithi za wazee zinaongezwa chumvi. Lakini kugonga gogo si upuuzi: wakulima wa Uchina na Japani wameendelea kugonga magogo yao mpaka nyakati zetu, maana mtikisiko pamoja na maji ya kutosha vinaamsha uyoga uliolala ndani. Wu Sangong amejengewa hekalu huko Qingyuan, na wakulima wa uyoga wamekuwa wakikusanyika humo kwa vizazi vingi.

Mwaka 1313 mwandishi Wang Zhen alimaliza kitabu kikubwa juu ya kilimo, na humo kazi hii imeelezwa wazi. Chagua mti unaofaa, uangushe mahali penye kivuli, uchanje kwa shoka, uufunike. Baada ya muda katakata uyoga na kuutia kwenye zile chanjo, funika kwa majani, mwagilia. Kisha ngoja, na wakati ukifika upige magogo yaamke. Ukisoma maelezo hayo unaona kwamba yule mzee alikuwa amekwisha kuelewa jambo kubwa bila kuwa na darubini: uyoga hauzaliwi na radi wala na mvua peke yake. Una mbegu yake, nayo inaweza kubebwa toka gogo moja kwenda jingine.

Sehemu iliyonishangaza zaidi ni maisha ya watu wale. Milima yao ilikuwa na mashamba madogo ya mpunga, hayakutosha. Basi mavuno yakiisha, wanaume walifunga mizigo na kwenda majimbo mengine, Fujian, Jiangxi na mbali zaidi, kutafuta misitu. Walikaa huko kipindi chote cha baridi katika vibanda, kisha wakarudi kulima. Walikuwa na lugha yao ya siri ili wenye tamaa wasijue mambo ya kazi, na walijifunza kupigana kwa mikono na fimbo kwa sababu porini kuna wezi. Nilipokuwa nasoma hayo niliwafikiria vijana wetu wanaoacha vijiji kwenda kuchimba madini na kurudi wakati wa kupanda maharagwe. Tofauti ni kwamba shimo la madini halijui kesho. Gogo lililochanjwa mwaka huu linamwita mtu arudi mwaka ujao na mwaka mwingine.

Japani nayo ina masimulizi yake, na hapa ninawaomba wachoma makala wasikilize vizuri. Katika eneo la zamani la Bungo, ambalo leo ni jimbo la Oita katika kisiwa cha Kyushu, wanamtaja mtu aitwaye Genbei wa karne ya 17. Alikuwa mchoma makala. Aliacha vipande vya miti msituni ambavyo hakuvichoma, na aliporudi akakuta vimejaa shiitake. Akaona kwamba kile alichokiacha kama taka kingeweza kumlisha. Tangu hapo watu wa Bungo wakawa mafundi wa uyoga, wakitembea katika majimbo mengine ya Japani kufundisha na kufanya kazi hiyo kwa mshahara. Mwaka 1796 msomi Sato Narihiro aliandika kitabu juu ya ukulima huo wa shiitake.

Lakini tusidanganyane, kazi ile ilikuwa kama mchezo wa bahati nasibu. Wajapani walichanja magogo kwa shoka dogo na kuyaacha karibu na mahali penye uyoga, kisha wakangoja upepo ulete lile vumbi laini linalotoka chini ya kofia ya uyoga. Upepo ukipeleka vumbi la uyoga mwingine usiofaa, gogo limepotea. Usipopeleka kitu, gogo limepotea. Mtu alikopa pesa ili anunue miti, akaikata, akangoja miaka miwili, na asipopata kitu alibaki na deni tu. Kulikuwa na familia zilizokimbia usiku kwa kushindwa kulipa. Mnaona? Hata mahali pasipo na vita, mtu anaweza kufunga vyombo usiku na kuondoka.

Mtu aliyebadilisha hali hiyo anaitwa Mori Kisaku. Alizaliwa mwaka 1908 katika mji wa Kiryu. Akiwa mwanafunzi wa kilimo katika chuo kikuu cha Kyoto alifika katika vijiji vya Oita, na huko, anasimuliwa, alimkuta mkulima maskini akisali mbele ya magogo yake, akiuomba uyoga uote. Alirudi na wazo kwamba mtu hapaswi kuomba upepo. Mwaka 1942 akapata njia: alikuza nyuzi za uyoga ndani ya vipande vidogo vya mti, vyenye ukubwa wa kidole hivi. Kipande kikishajaa nyuzi nyeupe kinapigiliwa ndani ya tundu la gogo kama msumari. Kwa hiyo mbegu inaingia mahali mtu anapotaka, na ni mbegu ya uyoga anaoutaka. Wengine walikuwa wamefanya utafiti kabla yake, lakini ni njia hii ya vipande vya mti iliyofika kwa wakulima wa kawaida. Baada ya vita vya pili vya dunia, vijiji vingi vya milimani huko Japani vilipata pesa kwa shiitake iliyokaushwa.

Nieleze kidogo namna kazi inavyofanyika leo, maana mama aliniuliza pia "wanafanya namna gani". Mti unaotafutwa ni mti mgumu wenye majani mapana, kama vile mwaloni. Msonobari haufai kwa shiitake. Unakatwa wakati umepumzika, kabla ya kutoa majani mapya, kwa sababu wakati huo ndani yake kuna sukari nyingi na ganda limeshikamana. Ganda ndilo ngozi ya gogo. Likibanduka, gogo linakauka na uyoga unakufa. Vipande vinakuwa na urefu wa mita 1 hivi na unene wa sentimeta 10 hadi 15. Unatoboa matundu, unaingiza mbegu, unafunika kwa nta ili wadudu na uyoga wa porini wasiingie. Kisha magogo yanapangwa kivulini, mahali penye unyevu lakini hewa inapita.

Halafu unangoja. Miezi 6 kama hali ni nzuri sana, mara nyingi mwaka 1 au mwaka na nusu. Wakati huo nyuzi zinakula kile kinachofanya mti uwe mgumu, kitu ambacho ng'ombe hawezi kula, mbuzi hawezi, na sisi hatuwezi. Gogo linakuwa jepesi. Ukiliingiza majini siku moja na kulitoa, uyoga unatoka baada ya siku chache. Gogo moja linaweza kuzaa miaka 3 hadi 5, kisha linabaki unga laini unaorudi kwenye udongo.

Kuna kisa kidogo cha Marekani ambacho siwezi kukiacha. Kwa miaka mingi serikali ya huko ilikataza kuingiza mbegu hai ya shiitake, kwa sababu iliudhania kuwa ndugu wa uyoga mwingine unaoozesha miti inayolazwa chini ya reli. Waliogopa treni zao. Katazo liliondolewa mwaka 1972 tu. Kwa hiyo Mmarekani mwenye nguvu zote hizo alianza kazi hii zaidi ya miaka 800 baada ya kuzaliwa kwa Wu Sangong.

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe. Gogo ni mti, na mti unaisha. Uchina waliliona hilo vizuri. Watu walipoongezeka na biashara ikakua, milima ya uyoga ilianza kubaki wazi. Toka miaka ya 1970 na hasa miaka ya 1980, wakulima wakahamia kwenye mifuko ya plastiki iliyojaa unga wa mbao uliochanganywa na pumba. Mfuko unazaa baada ya miezi michache, na unatumia hata matawi na mabaki ya mbao. Leo Uchina inatoa shiitake nyingi kuliko nchi zote nyingine zikiwekwa pamoja, na karibu yote inatoka kwenye mifuko. Hata hivyo unga wa mbao nao ni mti. Ndipo mwaka 1986 mtaalamu Lin Zhanxi wa jimbo la Fujian akapata njia ya kutumia majani marefu badala ya miti. Aliiita juncao, yaani uyoga na majani. Njia hiyo ilivuka bahari mpaka kwa majirani zetu: huko Rubona, katika wilaya ya Huye, kusini mwa Rwanda, kuna kituo cha kilimo kilichojengwa na Wachina ambacho kimekuwa kikifundisha juncao. Kwa hiyo ujuzi ulipokaribia milima yetu, haukuja na gogo. Ulikuja na majani.

Wajapani wa Oita walipata jibu tofauti. Katika rasi ya Kunisaki wanapanda aina ya mwaloni ambayo ukiukata, kisiki kinachipuka tena, na baada ya miaka 15 hivi mti uko tayari kukatwa. Wanakata kipande kimoja cha msitu, wanakiacha, wanahamia kingine, hadi wanarudi mahali pa kwanza. Msitu unabaki na maji yanabaki, kwa sababu majani na magogo yaliyooza yanashika mvua, na chini yake kuna mabwawa madogo yanayomwagilia mpunga. Mwaka 2013 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, liliiweka Kunisaki katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Qingyuan iliwekwa mwaka 2022.

Mtaniambia hao wana amani, wana miaka 15 ya kungoja mti. Ni sawa, lakini sikilizeni ya Fukushima. Tarehe 11 mwezi wa tatu 2011, tetemeko na tsunami viliharibu mtambo wa nguvu za atomiki huko Japani. Zaidi ya watu 150,000 walihama nyumba zao. Jimbo la Fukushima ndilo lilikuwa linakata magogo mengi ya uyoga na kuyatuma kwa wakulima wa majimbo mengine. Sumu ya cesium ilianguka juu ya misitu, ikaingia kwenye maganda na majani, na uyoga una tabia ya kuivuta. Serikali ikaweka mpaka wa bekereli 50 kwa kilo ya gogo na 100 kwa kilo ya chakula. Mahali pengi uuzaji wa shiitake ya magogo ya nje ulisimamishwa. Cesium hiyo inahitaji miaka 30 hivi ili ipungue nusu. Kwa hiyo kuna mzee huko ambaye miti yake imesimama, ya kijani, mizuri, naye haruhusiwi kuigusa. Sisi tunajua habari ya shamba unaloliona toka mbali na huwezi kulifikia, ingawa kwetu sababu ni bunduki.

Na hapa kwetu? Uyoga wa porini watu wa Kongo wanaujua tangu zamani, ule wa kwenye vichuguu vya mchwa na ule wa kwenye miti iliyoanguka. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na mama mmoja Mzungu, Goossens-Fontana, aliyekaa Equateur na kuchora uyoga wa misitu yetu kwa rangi, mmoja mmoja. Kuanzia mwaka 1935 picha zake zilianza kutolewa huko Ubelgiji katika vitabu vikubwa juu ya uyoga wa Kongo. Ni kazi nzuri, lakini ilikuwa kazi ya kuupa uyoga majina, si ya kumfundisha mwanakijiji kuupanda.

Magogo tunayo. Milima ya Kivu imejaa mikaratusi, na huko Brazili watu wenye asili ya Japani wamekuwa wakiotesha shiitake kwenye magogo ya mkaratusi, kwa hiyo mti huo si kikwazo. Mkaratusi nao ukikatwa unachipuka kama ule mwaloni wa Kunisaki. Mtu mwenye mikaratusi yake nyumbani, mlima wake ukiwa tulivu, anaweza kufikiria jambo hili, hasa maeneo ya juu yenye ubaridi ambayo shiitake inayapenda. Lakini kila gogo hapa lina mtu anayelingoja kulifanya makala. Goma inapika kwa makala, na makala mengi yametoka katika Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa maoni yangu, mtu atakayekwenda kukata mti wa hifadhi kwa jina la uyoga atakuwa amefanya ujinga uleule kwa jina jipya.

Nilimpigia mama simu na kumweleza. Nilimwambia wazi: gogo halifai kwa mtu anayeishi kwa watu, ambaye hajui kama mwezi ujao atakuwa hapa au ataambiwa aondoke. Gogo linataka ukae mwaka mzima kabla ya kuonja, na miaka mingine mitatu ili upate faida. Kwake unafaa ule uyoga mweupe wa mifuko ambao baadhi ya vikundi vya akina mama hapa Kivu wanauotesha kwenye maganda ya maharagwe na majani makavu ya ndizi. Maganda yanachemshwa kwanza, yanaachwa yapoe na kuchuja maji, mbegu inatiwa kwa mikono safi, mfuko unafungwa na kuwekwa ndani ya nyumba penye giza kidogo. Baada ya mwezi 1 au mmoja na nusu unaanza kuchuma. Ukihama, unaweza kuubeba mfuko kichwani. Mbegu inunuliwe kwa mtu anayejulikana, maana mbegu iliyoharibika inaonekana kwa rangi ya kijani na harufu mbaya, nayo ni hasara tupu.

Nikamwonya pia juu ya jambo ambalo watoto wa mjini hawalijui: uyoga wa porini usiojulikana usiliwe. Kuumenya, kuuchemsha pamoja na kitunguu au kuangalia kama wadudu wanaula, hayo yote hayaonyeshi sumu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na yale magogo, mbegu yake inauzwa bei gani?" Nikamwambia, "Mama, nimekueleza hayafai hapo." Akacheka. "Si ya hapa, mwanangu. Nyumbani niliacha mikaratusi kumi na minne nyuma ya nyumba. Kama hawajaikata yote, visiki vimekwisha kuchipuka. Ninataka kujua bei tu."

Wiki ijayo tutampata fundi mmoja wa mbegu katika kipindi. Wenye maganda ya maharagwe, msiyachome kwanza.